Mkono wa Mzee Ruhaga Nilioupiga

Juba

Baba,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake, umpe akiwa ametulia, si wakati anachambua dagaa. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na lile bati la jikoni lilizibwa kabla mvua hazijachanganya. Mimi ni mzima. Uanzie hapo, Baba, kwa sababu katika simu zote ulizonipigia wiki hii hakuna hata moja uliyoniuliza kama ni mzima.

Nakuandikia, na barua nimempa muuguzi mmoja wa Kasulu anayekuja likizo, kwa sababu kwenye simu siwezi kukujibu. Ukianza kusema, kinywa changu kinatoa "ndiyo Baba" chenyewe. Jumapili nimeitikia mpaka salio lako likakata, na hakuna hata ndiyo moja niliyoikusudia. Yamenifika kooni. Kwa hiyo kaa kitako, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujamwita baba mdogo.

Habari iliyofika Kasingirima ni kwamba mimi Edina nimempiga Mzee Ruhaga. Ilipofika Kibirizi, eti, ikawa nilimzaba kofi la uso. Shangazi amenipigia kuniuliza kama nilikuwa nimelewa. Nilimpiga mkono, Baba. Mkono. Na nitakueleza kwa nini, maana naona mzee alipokupigia alianzia hadithi katikati.

Wewe unamjua Ruhaga wa Kalinzi uliyesoma naye, aliyekuwa akituletea mkungu wa ndizi kila Krismasi. Kweli ndiye aliyeniombea kazi hii, na sijasahau. Mimi namjua Kapteni Ruhaga, ninayekaa kulia kwake kama rubani msaidizi. Ni rubani mzuri. Lakini ni mbishi kupindukia, na huku asiyeruka halipwi, kwa hiyo kwake mafua si ugonjwa, ni uvivu.

Siku ile alikuja anapiga chafya, amemeza vidonge vya mafua vile vinavyoleta usingizi, ambavyo rubani amekatazwa kabisa kuvimeza siku ya kuruka. Nikamuuliza kama tusimwombe mwenzetu mwingine ashike zamu. Akacheka, akataka kujua nimekuwa daktari lini. Tukapakia abiria, wengi akina mama na watoto wao.

Wakati wa kushuka tuliingia kwenye wingu zito. Hapa nisikilize vizuri, Baba. Mtu hujua amekaa wima kwa macho, na kwa kitu kidogo kilicho ndani kabisa ya sikio. Wingu likikufunika macho hayana kazi, unaona weupe mtupu. Sikio nalo likiwa limeziba kwa mafua, na hewa inabadilika uzito kadiri mnavyoshuka, linauma na linadanganya. Ndege ikilala upande polepole, mwili hausikii, unaapa kabisa kwamba umekaa sawa. Ndiyo maana tunafundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yetu na kutouamini mwili hata ukipiga kelele. Vipimo vilionyesha bawa la kushoto linalala. Mzee hakuvitazama. Alikuwa amekunja uso kwa maumivu, anaendesha kwa jinsi mwili wake unavyomwambia.

Sasa binti uliyemlea wewe alisema nini? Alisema, "Samahani mzee, naona kama bawa limelala kidogo." Wala halikuwa kidogo. Akanijibu kwamba tuko sawa. Nikangoja, kama ulivyonifundisha kumngoja mkubwa. Bawa likazidi kulala, pua ikaanza kuinama, mtoto mmoja nyuma akaanza kulia. Nikamwomba tena aangalie vipimo, kwa adabu zote za nyumbani kwetu, na safari hii hakujibu kabisa. Nikashika usukani.

"Nimechukua mimi," nikasema. "Achia."

Hakuachia. Nilipoinyoosha ndege, mwili wake ulimwambia kwamba ndiyo kwanza ninaipindua, akauvuta usukani kwa nguvu kurudi alikotoka. Ndipo nilipompiga mkono. Akaachia. Nikasawazisha mabawa, nikainua pua, tukachomoka chini ya wingu, nikaona miti na ng'ombe kwa ukaribu ambao sitaki kuuona tena maishani. Nilitua mimi. Abiria walishuka wakalalamika kwamba tumewarusharusha.

Haya. Wewe sasa unataka mambo mawili. Kwanza, nije niende Kalinzi na kitenge cha mkewe na jogoo, nipige magoti. Pili, nimwambie mkuu wetu wa marubani kwamba ulikuwa upepo, kwa sababu nikisema kweli Ruhaga atasimamishwa mpaka daktari ampime, na kwa umri wake huenda asiruke tena. Ukaniambia, "Edina, mwenzako ana watoto shuleni. Upepo haushtakiwi." Maneno mazuri, Baba, na yalinishika. Siku mbili nilikuwa nakaribia kusema upepo.

Kisha ukanimalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia, je? Huvunjika guu peke yake? Nyuma yetu kulikuwa na watu waliofunga mikanda, hawamjui Ruhaga wala hawajui mimi ni binti wa nani. Unasema ningemwambia kwa upole. Nilimwambia kwa upole, Baba, na wakati naomba samahani ndege ilikuwa inashuka. Inaniudhi mno kwamba hilo hulioni.

Kwa hiyo ujue nimeshasema. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu nikaeleza yote, mafua, vidonge, wingu, na mkono niliompiga. Mzee alikuwa ameketi palepale, sikumsema kisogoni. Nilimwamkia, hakuitikia. Mkuu alipomuuliza kama ni kweli, akasema, "Mimi nilijisikia tuko sawa. Mpaka leo najisikia tulikuwa sawa."

Hapo hasira zangu juu yake zikaisha, Baba. Hakuwa anadanganya. Angetuua wote na moyo mweupe kabisa. Nikatoka nje nikalia.

Amesimamishwa, anarudi Kigoma wiki hii. Kalinzi nitakwenda, kitenge nimeshanunua. Nitapiga magoti kwa ajili ya ule mkono, kwa sababu ni mkono wa mzee wangu na niliupiga. Kwa ajili ya bawa sipigi goti. Na wewe uliyemwahidi kwamba nitasema upepo, utakwenda mwenyewe kumweleza, kwa sababu uliahidi bila kuniuliza.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie apunguze kueneza habari asizozijua. Shangazi umhakikishie sinywi. Neema, mdogo wangu anayesomea uuguzi, mwambie akimwona mkubwa wake ameshika dawa isiyo yenyewe aseme hapohapo, tena kwa sauti.

Na ukifika Kalinzi, mke wa Mzee Ruhaga naye msalimie. Najua hataki kulisikia jina langu. Mwambie mumewe yuko njiani, anakuja amenuna, hataki kusemeshwa na mtu, na anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Ampokee hivyohivyo.

Mwanao,
Edina