Mpaka wa Sifuri

Chaka, Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na leo ni siku ya tatu mlima haujaonekana. Nina mablanketi mawili magotini na bado nahisi baridi. Nachapa kwa kidole kimoja, kile kisichotetemeka sana.

Daktari wa Nyeri amenishauri nisipange mambo ya mwaka ujao.

Basi niseme la zamani. Nilikuwa fundi wa kituo cha hali ya hewa karibu na Timau, wakati kompyuta zilipoanza kuingia ofisini. Tuliletewa kutoka ng'ambo programu ya kusoma vipimajoto na kuchapa joto la kila saa. Kazi yangu ilikuwa kuirekebisha ifae kituo chetu: jina, mwinuko, saa za hapa, na mipaka ya joto la kuaminika. Kipimo kikivuka mpaka, programu ilikitupa, ikatoa onyo, ikarudia kipimo cha mwisho ilichokubali.

Mpaka wa chini niliuweka sifuri. Tuko Ikweta, niliwaza, kama mtu ambaye hajawahi kulala Timau.

Alfajiri ya nne karatasi ilijaa maonyo. Nilitoka nje. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, zikivunjika chini ya viatu. Dawa ilikuwa kushusha mpaka, lakini ningelazimika kumwandikia mkubwa wangu kwamba nimekosea, naye alikuwa njiani kuja kukagua. Nikayazima maonyo. Mpaka nikauacha.

"Safi kabisa," alisema mkubwa, akipitisha kidole kwenye karatasi. "Hakuna kosa hata moja."

Nilipandishwa cheo kwa karatasi hiyo.

Rafiki yangu Gitonga alikuwa na shamba bondeni, ukuta kwa ukuta na kituo. Siku moja aliniuliza hotelini, watu wakisikiliza: "Wewe ndio uko na mashine. Hiyo shamba ya chini inaganda ama haigandi?"

Nikamjibu kwamba kwa miaka minne joto halijawahi kushuka chini ya sifuri.

Nilijua.

Akapanda viazi shamba zima. Asubuhi moja ya Januari majani yote yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Majirani wakambatiza Mkulima wa Karatasi. "Leo karatasi inasemaje, tuvae koti?" Alicheka pamoja nao hadi uzeeni. Kwenye mazishi yake nilisimama nikamsifu, kisha nikaketi.

Jana binti yake, Makena, alikuja kuniona. Anataka kupanda parachichi pale pale bondeni, miche ameshaagiza. Alitaka zile karatasi za kituo, ambazo ninazo sandukuni. Ningeweza kusema zimeliwa na mchwa. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni.

Nikamwambia yote.

Alizungusha kikombe cha chai ambayo hakuinywa.

"Mzee, baba alikuwa anajua hapo kuna baridi," alisema mwishowe. "Alikuwa anapita hapo kila asubuhi na ng'ombe. Mama alimwambia asipande. Akasema wewe umesoma."

Nikafungua sanduku, nikamwekea karatasi mbele.

"Sasa hizi namba, gani ni ya ukweli?"

Nikamwonyesha. Mahali ambapo namba moja inajirudia saa baada ya saa, alfajiri, karibu na sifuri, hapo ndipo jalidi ilipoanguka na programu ikaitupa. Zinaonekana, ukijua cha kutafuta. Zimekuwa zikionekana miaka hii yote.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Alisema miche ataizuia kwa mwezi mmoja, kisha akaniuliza kama macho yangu yanaweza kuzipitia karatasi zote na kumtilia alama asubuhi za jalidi.

Leo nimepiga mstari mwekundu kwenye Januari ya kwanza. Asubuhi tisa za jalidi. Sandukuni kuna miaka minane, na mwezi mmoja ni mfupi.

Je, nitafika Januari ile ya viazi?