Bazumbühl ba Panda

Lundi, 4 ya mwezi wa munane

Baridi. Nimefagia mbele ya mulango. Nimekunywa chai bila sukari sababu munganga alinikataza, kisha nimekunywa ingine na sukari sababu munganga hakuwa pale. Fifi, binti yangu, njo anaandika. Minye nasema. Masomo sina, kinywa iko.

Nilikuwa nachambua majani ya sombe, sentinele mwenye kulinda nyumba ya bageni ya bamasera, bale babikira, akafika. Anatafuta nyumba ya Zumbühl. Nikamuuliza, Zumbühl gani? Hapa ku Panda peke, kartie yetu ya Likasi, iko ule wa mikate, iko mutoto wa pasta, iko binti mwenye kusuka nywele. Binti, na anaitwa Zumbühl, na anatembea nayo sawa malkia. Ku Shituru iko bengine. Ku Kambove iko mumoya anachimba. Fifi anatia matone mbili juu ya ile u, asema njo inaandikwa vile. Matie. Minye sioni matone wakati naita muntu.

Sentinele asema: ile nyumba ya dreva wa ambulance. Basi ni sisi. Dreva alikuwa mudogo yangu, Mungu amuweke. Asema kuko mama muzungu alitoka Suisse, jina yake ni ile ile, na anashangaa kuisikia ku soko.

Guy, mutoto ya mudogo yangu, alisikia. Aliacha bukari mu sahani. Guy haachake bukari.

Mardi, 5

Alikuya. Madame Vreni. Murefu, mifupa mingi, viatu vya kupanda mulima. Alikula bukari na mikono, aliungua vidole, hakusema kitu. Nilimupenda pale pale.

Kifaransa yangu ni ya kuuza nyanya. Guy njo alitafsiri. Madame asema ile jina kwabo inatoka mu kijiji moya kadogo, na maana yake ni bantu ba ku kilima kadogo. Sasa bamebaki kidogo sana. Bavijana banaenda mu miji mikubwa, bazee banakufwa. Halafu anafika Likasi, anasikia mama mumoya ku soko anaita “Zumbühl!”, batoto batatu banageuka.

Nilicheka mupaka kikohozi. Nikamuambia, ile yote ni kazi ya mudogo yangu. Aliendeshaka ambulance ya kampani miaka mingi. Usiku, mvua, banamama banamuita. Bengine habakufika maternité. Na kwetu, muntu mwenye mutoto anafikia mu mikono yake, njo anapewa ile mutoto kuwa majina yake. Majina, ni ule mwenye kubeba jina yako. Mudogo yangu alikuwa na bamajina sawa kuku ya pasta. Na ile pasta iko na kuku mingi, anazifunga vibaya, zinakula mboga yangu, lakini ile ni mambo ingine.

Kisha Madame akatoa foto. Bwana muzungu, bibi yake, na mutoto mwanamuke, mbele ya nyumba ya matofali. Nikamuyua mutoto. Lisbeth! Papa yangu alikuwaka mupishi mu ile nyumba. Lisbeth na minye tulichezaka pamoja mu jiko. Madame asema Lisbeth ni mama yake, ile jina ilitoka kwake. Angali muzima, anagonjwa, yuko mu nyumba ya bazee.

Halafu akalia. Nikamuuliza Guy, analia nini? Guy asema ni furaha. Hapana. Minye nimeona furaha. Haikuwa ile.

Mercredi, 6

Kasirani. Sikula asubui.

Guy alikuya mapema, amevaa shati ya misa, na ni mercredi. Akakaa, akazunguka, akasema baridi, akasema mukate. Kisha akatoa yake. Anataka niambie Madame kwamba papa yake, mudogo yangu, alikuwa mutoto wa damu wa ule muzungu wa foto. Asema Madame mwenyewe anawaza vile. Asema Madame atamuita kule Suisse, yeye atatafuta kazi, batoto bake batasoma.

“Tantine, nani atakatala? Bote balishakufwa.”

Minye niko nani? Niko maiti?

Nikamuambia, ile unasema ni mama yangu. Unatembeza mama yangu uchi mu Likasi muzima sababu ya kupanda avion. Mama yangu alikuwa na bwana mumoya, rozari moya, na kitambaa moya ya misa, na vyote vitatu alizikwa navyo, isipokuwa bwana, alikufwa nyuma.

Guy asema ngozi ya papa yake ilikuwa ya kupauka. Nikamujibu: ya nkambo yako mupishi, papa ya papa yako, ilikuwa vile vile. Enda ku kioo.

Akaenda. Hakufunga mulango.

Jeudi, 7

Sasa nayua yote. Mukono ya Fifi inachoka, lakini ataandika.

Madame alirudia. Guy naye alikuwa pale, mupole kupita kondoo. Madame akauliza kitu, sauti chini. Guy akaniambia: anauliza kama ule muzungu alipendaka mudogo yako. Nikasema ndiyo, sana, alimupenda sana. Guy akageuka, akasema Kifaransa. Madame akafunga macho.

Fifi alikuwa ku mulango, ametoka kazi, sikumuona. Akasema:

“Mama, hakukuuliza ile. Ameuliza kama nkambo yake alizaa na mama yako. Na Guy amejibu ndiyo.”

Guy akasimama kutoka. Nikamuambia, ikala chini. Njo utasikia kwenye jina yako inatoka. Fifi, tafsiri weye.

Nikasema. Mvua. Mama yangu anaumwa, papa yangu anamusaidia kutembea ku barabara ya Shituru, maternité ni mbali. Ule muzungu anapita na camionnette. Anabapandisha. Papa yangu alikuwa nyuma na mama, anashika kichwa yake. Mutoto hakungoya. Muzungu akasimamisha, akapokea mutoto, akavua singlet yake, akamufunga nayo. Basi jina ilikuwa yake. Njo mwanzo. Hakuna ingine.

Madame akauliza, kama ni vile, sababu gani mama yake anakumbuka kuita ile mutoto papa? Sababu gani bibi ya muzungu alifunga masanduku, akabeba Lisbeth, akarudia kwabo, hakusema tena jina ya Panda mupaka kufwa?

Sisi tulizaniaka bibi alichoka na joto. Miaka yote.

Ni sisi tulimufundisha Lisbeth. Ilikuwa adabu! Mutoto mwenye kubeba jina ya papa yako, ni papa yako. Hata bibi mwenyewe, mama yangu alikuwa anamuchekesha: madame, kuya, bwana yako analia, anataka maziwa. Bibi aliyuaka Swahili kidogo. Ile kidogo njo ilimuua.

Niliona Madame hanisadiki sawasawa. Muntu mwenye kulia miaka mingi hanyamazake na maneno tu. Nikaangalia Guy.

“Mutoto wa pasta, majina ya papa yako, unamuitaka nani?”

Guy akaangalia ku mulango.

“Guy.”

“Papa.”

“Iko na miaka ngapi?”

“Mine.”

“Alikuzaa?”

Guy akacheka, hakutaka, akacheka tu. Na ule mutoto wa pasta, sababu alisikia sauti, akatokea ku lupango yabo, kiwanja ya pembeni, makamasi mupaka ku kinywa, akamuambia Guy: mutoto yangu, nipe bonbon. Guy akatafuta mu mufuko, akamupa na mikono mbili, namna banapeaka muzee.

Madame aliangalia ile. Fifi hakutafsiri kitu.

Samedi, 9

Madame alipigia mama yake telefone hapa kwangu. Balisema mingi, luga yabo, sikusikia kitu. Kisha akanipa. Sauti ya muzee mwanamuke, inapumua. Swahili ilishamupotea. Nikasema, Lisbeth. Akasema jina yangu, ya butoto, ile hakuna muntu anaiita tena.

Akauliza, kupitia Madame na Fifi, papa yake, ule muzungu mwenye kubakia hapa, alizikwa fasi gani. Nikamuambia. Akauliza nani anang'oa majani. Nikasema, hakuna.

Guy alisema, kesho nitaenda.

Dimanche, 10

Misa. Kisha makaburi, kwa ule muzungu. Madame aling'oa majani upande wa kichwa, Guy upande wa miguu. Vumbi. Minye nilikaa ku kiti ya plastiki. Tulirudia na miguu, pole pole.