Aliyegonga Ng'ombe Ni Wewe

Baba Dafrosa,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Ukitoka, tembea kwa miguu. Bima ya gari imeisha jana na trafiki wamejaa njia ya Ilembo.

Nilikusikia asubuhi. Wakala wa bima alipokuuliza nani alikuwa anaendesha siku tulipogonga ng'ombe Mishamo, ukamjibu, "Ni mama watoto. Wanawake na usukani unawajua mwenyewe." Mkacheka! Na mimi niko jikoni nawachemshia chai.

Kisa, ukijulikana una ajali tatu, bima kubwa, ile inayolipa hata gari letu likiharibika, watakupandishia bei au wakukatalie kabisa. Sasa ndiyo jina langu lichafuke? Mimi sijagonga hata kuku. Tena mimi ndiye niliyelitoa gari mtaroni ulipolitumbukiza kule Mwese.

~~Nikirudi tutaongea.~~ Hapana, hatuongei. Nimepanda bodaboda naenda ofisini kwa huyo wakala kusema ukweli. Wakitupa bima ndogo tu, tutakata hiyo ndogo, na dereva nitaandikwa mimi.

Ufunguo ninao. Jumapili kanisani naendesha mimi. Wewe utakaa nyuma na watoto.

Mkeo,
Mama Dafrosa