Plasta Juu ya Taa ya Njano

Kwa Tata, baba yangu mpendwa, na kwa Mama anayekusomea barua hii,

Nawasalimu kutoka Kolwezi. Huku tu wazima, ila mvua zimekatika na vumbi limeturudia. Mawazo yangu yako kwenye kichwa cha Mama. Aliniambia kwenye simu kwamba kinamgonga kila Jumapili akirudi kutoka kanisani, nawe Tata ukadakia kwa nyuma kwamba ni mahubiri marefu ya padri. Siku ile nilicheka. Sasa sicheki, na ndiyo maana naandika, kwa sababu kwenye simu nikigusa tu habari za gari unaniambia, "Weye mutoto, nani alikufundisha kuendesha?"

Ni wewe, Tata, na sijasahau. Ulinifundisha kusikiliza injini kabla ya kuondoka. Ulinifundisha pia kwamba ile taa ya njano yenye picha ya injini ni kelele tu: ikiwaka, unaibandika plasta ya kidonda na safari inaendelea. Gari langu kuukuu lilipoiwasha, mwanzoni mwa kiangazi, nilifanya hivyohivyo. Nikajiona fundi.

Siku hizohizo mjukuu wenu Nadège akaanza kusinzia. Kila asubuhi namshusha shuleni Manika kabla ya kwenda kazini Mutoshi, na yeye, ambaye mdomo wake mnaujua, akawa anafika amelala kiti cha nyuma. Akishuka anashika kichwa. Mke wangu alimpeleka kupimwa malaria mara mbili, hana. Basi nikaamua ni uvivu, na siku moja nilimfokea pale getini, mbele ya rafiki yake Clarisse, mpaka akalia. Naona haya kuandika hilo.

Hata gereji sikwenda kwa ajili ya mtoto. Nilikwenda kwa sababu gari lilikuwa linakunywa mafuta kupita kiasi. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akasoma, akasema kile kidude kinachonusa moshi ndani ya bomba kimekufa. Tukakibadilisha. Taa ikazima siku mbili, ya tatu ikarudi. Nilikuwa tayari nimeshika plasta mkononi, jirani akanielekeza kwa Mama Régine, mama mtu mzima mwenye gereji yake nyuma ya soko.

Yeye hakuwa na haraka. Alisubiri injini ipoe, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, akaniambia niwashe. Kisha akapaka maji ya sabuni, kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Pale bomba linapoungana na injini, povu likachemka.

"Tata, ona," akaniambia. "Ile kidude haikuwa na kosa. Hewa inaingia hapa, njo inaidanganya. Na moshi inatokea hapa, inaingia mu motokari. Nani anakaaka nyuma?"

"Mutoto yangu."

"Na bioo, munafunga?"

Tunafunga, bila shaka. Malori ya madini yakipita, nani ataacha kioo wazi? Changu tu nakiacha kidogo, nipate kusalimia watu njiani. Yaani mimi nilikuwa napata hewa, na mtoto nyuma yangu anavuta moshi.

"Lakini sikusikia harufu," nikajitetea.

"Ile sumu ya mu moshi haina harufu. Mutoto alikuwa analala? Shukuru Mungu, alikuwa analamuka."

Yaani wapo wanaolala wasiamke tena. Niliketi juu ya tairi bovu.

Alichomelea ule ufa, na taa ikazima bila plasta. Wiki ile Nadège aliongea njia nzima mpaka nikamwambia anyamaze, halafu nikajuta, nikamwomba aendelee. Nilimwomba msamaha pia. Akanijibu, "Tata, ulinifokea mbele ya Clarisse." Ikabidi nirudie msamaha getini, Clarisse akisikia.

Sasa, Tata. Gari lako nalo lina plasta, niliiona Krismasi nilipokuja Kamina. Jumapili Mama anakaa nyuma na wale mama wa kwaya, na anafunga vioo kwa ajili ya kikohozi chake. Sisemi ulinifundisha vibaya. Sikio lako nalijua, ni kali kuliko langu mpaka leo. Lakini moshi huu hausikiki, na mimi nimeogopa. Ibandue plasta, mpelekee fundi gari, mwambie atumie maji ya sabuni.

Nisalimieni shangazi yangu wa pale sokoni, katekista, na wale mama wa kwaya, ambao nao naomba muwaulize vichwa vyao vinaendeleaje. Nadège anamsalimia babu, Nkambo wake. Anasema akija likizo atakagua kwanza taa, ndipo akumbatiwe.

Mama, najua miwani ya Tata bado haijatengenezwa, kwa hiyo ni wewe unayesoma. Ukifika kwenye ile aya ya plasta usiiruke kwa kumwonea haya. Kama umeshairuka, rudi uisome kwa sauti. Halafu Jumapili hii nendeni kanisani kwa miguu.

Mwana wenu,
Donatien