Chungu Nilichokidekeza

Mdogo wangu,

Sweta imefika, ila inanibana kwapani. Umesahau nilivyo mnene!

Hapa kituo cha utafiti namwagilia vichaka vya jangwani, kila chungu na kipimo chake cha maji ya chumvi. Kimoja kilinitia huruma, nikakipa maji matamu kwa siri miezi miwili. Jana mtaalamu alivipima. Vilivyozidishiwa chumvi vimenyauka, vya chumvi ya kiasi vimenawiri, changu kimedumaa. Nikakiri.

"Shangazi, umekidekeza," akasema. "Hiki bila chumvi kidogo hakikui."

Binti yangu huko kwako bado anamsubiri baba yake, kwa kuwa nilikuomba umwambie kasafiri. Mwambie amefariki. Kidogo kidogo, lakini mwambie, na usimkataze kulia.

Ni mimi dada yako, niliyekutuma useme uongo.