Mkeo Hakukata Umeme

Kwako Shabani, mjukuu wangu, mume wangu niliyekulea mwenyewe,

Sikuulizi hali. Hali yako nimesomewa kwenye simu ya mkeo, maana mimi kusoma sijui. Anayeandika hapa ni Mama Furaha, yule Mkongo fundi cherehani wa chumba cha mbele. Nimemwambia asilainishe neno. Na barua hii si ya siri. Wasomee hao wenzako wa huko Durban uliko sasa.

Talaka kwa ujumbe wa simu! Na sababu ati Mwanaidi ana mguu mbaya. Tangu umuoe, umeandika, saluni imekufa, babu amekufa, na mashine za kunyolea zimeibwa. Niliposomewa nilitoka nje nikatema mate. "Bibi, hata ile ya kutema mate naandika?" ananiuliza Mama Furaha. Andika, mama.

Unakumbuka Tanga, sebuleni, video ya kuazima, na zile filamu za zamani za Kihindi za babu yako, Mungu amrehemu? Yule mchezaji wake tuliyemwita Masharubu? Babu alishika neno moja: enzi za ujana wake, Masharubu akiwa na masharubu, sinema inajaa mpaka watu wanakaa chini, akinyoa, viti vitupu. "Masharubu ndiyo yanayojaza," anasema, na kuapa anaapa. Wewe ulikuwa na miaka kumi, kichwa umenilalia mapajani, ukasema, "Babu, mbona zenye masharubu zote nyimbo zake tamu?"

Tukazipanga kaseti chini. Kumbe zote zile zilitengenezwa na bwana mmoja. Bwana huyo alipenda nyimbo nzuri, na alipenda mchezaji wake afuge masharubu. Tukatafuta moja ya bwana yule ambayo Masharubu kanyoa: babu akakiri mwenyewe kwamba siku ile aliitazama amesimama mlangoni, nafasi hakuna. Ya bwana mwingine, masharubu kama fagio, sinema tupu. Masharubu na umati vilifuatana tu, mwanangu. Kimoja hakikumleta mwenzake.

Na yule dada mzuri wa filamu hizo aliyeanza kucheza mama mtu, mara jina likapotea? Shangazi zako walisema kucheza mama ndiko kulikommaliza. Ukawacheka: "Si amezeeka tu? Uzee ndio uliompa umama, na uzee huo huo ndio uliomwondoa kwenye mabango ya sinema." Nilikununulia sambusa mbili kwa akili hiyo. Iko wapi akili yenyewe, Shabani?

Sikiliza. Ulimuoa mwaka uliofungua saluni hapa Bellevue, Joburg. Mwaka huo huo ndio umeme ukawa unakatwa kila siku. Umenyoa upande mmoja, umeme umekwenda, mteja anatoka na kichwa nusu akikutukana kwa Kizulu. Mwanaidi ndiye aliyekata umeme? Yule kinyozi Mrundi wa ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, naye alifunga, na hata mke hana! Babu yako moyo wake ulikuwa mgonjwa wewe hujajua kuvaa viatu. Na mwizi wa Joburg haulizi nani kaoa.

Mazuri je, mbona hukuyapanga? Karatasi zako za ukaazi zilitoka mwezi wa pili wa ndoa. Mgongo ulipokulaza, nani aliukanda? Unaokota mikosi tu, kama babu yako, filamu iliyompinga anasema hiyo haihesabiki. Kinyaa! Nasema kinyaa, na ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, halafu nikupakulie wali.

Nimehama chumba changu cha Berea. Nakaa na Mwanaidi hapa kwako, amalize eda yake nyumbani kwa mumewe kama dini inavyotaka. Anafua mashuka yako, anaanika, yakikauka anayafua tena.

Talaka ni moja, na eda imebaki wiki tatu. Panda basi uje umrejee, umwombe radhi mbele yangu, na mlango nitakufungulia mimi. Usipokuja, sitambembeleza akungoje. Nitamsinga, nitamtia hina kwa mikono yangu hii, nimtafutie mwanamume mwenye kichwa kinachofanya kazi. Na siku ya harusi nitakaa upande wa bibi harusi, wakiuliza mama yake yuko wapi, ninyanyuke mimi.

Anayekupenda na bado hajapoa,
Bibi yako