Sifuri Tatu za Koo-chungwa

Oak Harbor, Ohio
7 Mei, 2011

Mwanangu Corinne,

Hujambo, na hali yako huko Tucson? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikiamka. Ziwa limetulia, mierebi imechipua, na njia ya mbao kule kinamasini imejaa watu na darubini zao.

Wale ndege wadogo, koo-chungwa, hawakuja. Huu ni mwaka wa tatu naandika sifuri kwenye hesabu ya chama chetu cha watazama ndege. Kanuni yetu unaijua: usichokiona wala kukisikia mwenyewe, hukiandiki. Miaka thelathini nimewahesabu kwa sauti, maana hukaa juu kabisa mitini. Mama yako hayupo, wewe uko mbali, sasa na hao wameninunia. Nyumba hii imenichosha.

Baba yako

Tucson
13 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, joto tu linanikaanga.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili, kisha nikampigia simu Lois Gerber, mwenzako wa chama. Asubuhi ya hesabu alikuwa nyuma yako kwenye kona ya pili ya njia ya mbao, akasikia sita. Mwaka jana na mwaka juzi pia aliwasikia. Chama kizima kinajua, ila nani amwambie mzee wa hesabu? Basi nakwambia mimi: ndege wapo, Baba. Masikio yako ndiyo hayawapati tena. Sauti nyembamba kama ile ndiyo hutangulia kupotea. Nenda kwa daktari, tafadhali.

Binti yako, Corinne

Tucson
22 Mei

Baba,

U hali gani? Hujajibu, na simu hupokei. Lois anasema hukanyagi kinamasini. Kama nimekuudhi, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Oak Harbor
28 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa. Nilikukasirikia, nikamkasirikia Lois zaidi. Miaka mitatu ananiacha niwaandike hawapo, na wao wako juu ya kichwa changu. Nimekiandikia chama kifute sifuri zote tatu.

Jana nilikwenda. Ndege wengi wameshapita kwenda kaskazini. Kwenye kona ya pili Lois akanishika bega, akanyoosha kidole. Alikuwepo dume mmoja, mdomo wazi, koo linatetemeka. Lois alikuwa anatabasamu. Mimi nilisikia upepo tu. Nikaandika: mmoja. Kisha nikalia mbele za watu.

Lois anahamia kwa mwanawe mwezi wa nane. Mei ijayo nani atanishika bega?

Baba yako